Shuka Mbele ya Ukuta

Kwanza kabisa, wanangu, msichore ukuta saa sita mchana. Ukuta wa Johannesburg ukipigwa na jua unakuwa wa moto kama kikaango, na rangi ya mafuta inakauka kabla brashi haijafika mwisho wa herufi. Utajiona umepaka vizuri, utakwenda kunywa chai yako umefurahi, na haupiti muda rangi itaanza kubanduka vipande vipande. Asubuhi pakeni ukuta unaotazama magharibi, maana bado una kivuli, na mchana mhamie ule wa mashariki. Mkikosa kivuli kabisa, kaeni chini mngoje. Hilo nimelisema mapema ili hata atakayechoshwa na maneno ya mzee asiondoke mikono mitupu.

Sasa nije kwenye swali lenu. Mnakuja hapa kwangu Bertrams siku za Jumapili, nyinyi mnaochora, mnaoshona, mnaosuka nywele, mnaotengeneza muziki kwenye simu, na mnaniuliza jambo moja kwa namna nyingi: Mzee Mbaruku, moyo wa kazi ukiisha, mtu anaupata wapi mwingine? Mnadhani kwa kuwa nimeandika mabango ya maduka tangu ujana wangu Tanga mpaka uzee wangu huku, basi nina dawa kabatini. Sina. Ninacho kisa kimoja, na kila nikikikumbuka nashangaa upya, wallahi.

Lakini lazima mjue kwanza nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mtu wa shuka.

Fundi wangu wa Tanga, marehemu Fundi Athumani, alikuwa hachori mbele za watu. Alitundika shuka mbele ya ukuta, akaingia nyuma yake na ngazi na makopo, akatoka jioni na kazi iliyokamilika. Mistari ya chaki ameshaifuta, alama zote hazipo, umebaki uzuri mtupu. Sisi wanafunzi wake kazi yetu ilikuwa kukoroga rangi na kuosha brashi tukiwa tumempa mgongo. "Nikiwaonyesha nyinyi," alikuwa akisema, "kesho mtakula kwangu na mimi nitalala njaa." Kwa hiyo hatukufundishwa. Mimi nilitoboa shuka kwa msumari, tundu dogo la jicho moja, na kila nilichojua nilikiona kupitia tundu lile. Hata t yangu, ile mliyoisikia sana, yenye kijiti cha juu kinachopinda kidogo mwishoni mithili ya kidole kinachomwita mtu, niliianza kwa kuchungulia. Nikaigeuza, nikaizoesha mkono wangu, mwisho ikawa yangu kabisa.

Mngetarajia kwamba aliyejifunza kwa kuchungulia angewahurumia wengine. Wapi! Nilipofika huku nikanunua shuka zito zaidi, na sikuruhusu tundu. Nilipaka kuta nyingi mno za spaza, vile viduka vya mitaani, kule Soweto, na vibao vya saluni, na magari ya kuuzia vyakula, vyote nyuma ya shuka. Watu wakaniita Mzee wa Pazia. Niliona ni sifa.

Si kwamba sikuwahi kuaibika. Kuna muuza kuku mmoja, Mtanzania mwenzangu, aliyetaka kuku mkubwa ukutani. Nikajifungia nyuma ya shuka kutwa nzima, sikumwonyesha mtu, sikuuliza mtu. Nilipolishusha, wateja wote wakasogea karibu. Ndege yule alikuwa na shingo ndefu na jicho baya, na bibi mmoja akauliza kwa upole kama hapa sasa wanauza tai. Mtu mmoja tu angelipita akatazama mapema, angeniambia nifupishe shingo.

Basi, mwaka ule wa 2015 mambo yakaanza kubadilika, au niseme mimi ndipo nilipoona. Nilikuwa nanunua rangi Marshalltown, na jirani ya duka nililozoea wakafungua chumba cha kuchapa mabango ya plastiki. Nilisimama mlangoni nikatazama mashine ile. Bango zima, picha na maandishi, lilitoka likiwa kavu, likakunjwa kama mkeka, mwenyewe akalibeba begani akaondoka. Kazi ambayo ingenichukua siku nzima kuianza tu. Sikukasirika. Nilijisikia nimechoka. Nikarudi nyumbani na rangi ambayo sikuifungua.

Tangu siku ile moyo ukaanza kuniondoka. Kazi zilikuwepo bado, za watu waliopenda maandishi ya mkono, lakini nilizifanya kama mtu anayekula bila njaa. Naamka, navaa, nabeba ngazi, nafika ukutani, nasimama. Wakati mwingine nilirudi bila kupiga hata mstari, nikamdanganya mwenye duka kuwa ukuta una unyevu.

Wakati huohuo mtaani kwetu alikuwako mchoraji wa Kikongo, mtu wa Lubumbashi, akiitwa Papa Kasongo. Mdogo kwangu kwa miaka mingi. Herufi zake zilikuwa nene, za mviringo, zenye furaha, ukiziona tu unajua ni za nani. Na mtu huyu, wanangu, alikuwa akichora hadharani! Hana shuka, hana pazia. Anasimama kwenye ngazi anaongea na kila apitaye. Wauza nyanya wanamshikia uzi wa chaki upande mmoja, yeye anavuta upande wa pili, wanaupiga pamoja ukutani, pa! Vumbi la buluu linaruka, mstari umenyooka, wote wanacheka. Mtu akimuuliza S inaanzwa wapi, anashuka kabisa kwenye ngazi kumwonyesha kwamba inaanzwa katikati, kwenye mgongo wake, kisha kichwa, kisha mkia.

Siku moja alinikuta nafunga shuka langu.

"Muzee," akaniambia, "mbona unajificha? Batu banapenda kuona."

"Wakiona wataiba."

"Baibe!" akasema, akacheka sana. "Bataibiaka wapi? Mukono yangu itabakia paka hapa."

Paka kwao maana yake ni tu, nami nikamwona mwendawazimu. Nikaingia nyuma ya shuka langu.

Basi ikaja kazi ya Mama Neema. Huyu ni mama wa Uvira, alikuwa anafungua chekechea hapa Bertrams, na akanitaka mimi kwa jina. Alitaka ukuta wa mbele uandikwe kwa Kiswahili: Karibuni Watoto Wetu. Nilimuuliza kwa nini Kiswahili, maana watoto wenyewe waliozaliwa huku wanatusikia tu, wakijibu ni Kizulu au Kiingereza.

"Ndiyo maana, muzee," akasema. "Nataka kila asubuhi wasome kitu kimoja cha kwao. Na niliona mukono wako kule Soweto, kwa duka ya ndugu yangu. Nataka ule. Watoto wanaingia siku ya posho, ile nyinyi munaita Jumamosi."

Maneno yale yalinigusa, nasema kweli. Nikajiambia: Mbaruku, hii ifanye vizuri, na ikiwa hata hii haikurudishii moyo, basi weka brashi chini urudi Tanga ukafuge mbuzi. Niliapa hivyo. Kazi ile ndiyo ilikuwa mtihani wangu wa mwisho.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Nyinyi mliozaliwa huku mnaujua upepo wa Agosti, unaokuja na vumbi la machimbo na kufunga macho ya mtu. Nilitundika shuka lile zito juu ya paa, na ili lisipepee nikalifunga kwenye miguu ya ngazi yangu. Hebu fikirieni akili hiyo. Mama Neema akaniuliza kama nataka mtu wa kunishikia ngazi. Nikamwambia hakuna mtu anayeingia huku nyuma.

Nilikuwa nimeandika Karibuni, na W kubwa, na a. Ndipo upepo ukaja, ukajaa ndani ya shuka, shuka likavuta ngazi, na mimi na kopo la rangi nyekundu tukashuka kwa pamoja. Wakati naanguka nakumbuka niliwaza jambo la kipumbavu kabisa, kwamba watu wataona mistari yangu ya chaki.

Waliniona, na mistari waliiona. Kijana anayeuza chaja za simu pale kwenye roboti, yaani taa za barabarani, alikimbia wa kwanza, akanifunua kutoka kwenye shuka, akaona nyekundu imenitapakaa kifuani. "Eish, madala!" akapiga kelele, yaani mzee. "Eish!" Alidhani nimekufa. Nilipomwambia ni rangi akakaa chini kabisa barabarani akishika kichwa. Kumbe kifundo cha mkono wangu wa kulia kilikuwa kimevunjika.

Nililala ndani, mkono umefungwa plasta ngumu, na ukuta kule unasema Karibuni Wa. Jirani zangu walileta uji na habari. Habari ilikuwa kwamba Mama Neema amemwita Papa Kasongo.

Hapa mjue desturi yetu. Mchoraji anayemalizia kazi ya mwenzake haongezei. Anafuta yote, anaanza upya kwa mkono wake, kwa sababu mikono miwili kwenye ukuta mmoja inaonekana kama mtu aliyevaa viatu vya jozi mbili. Hakuna ubaya ndani yake, hata mimi nimewahi kufanya hivyo. Kwa hiyo nilijua nitakachokikuta: herufi nene, za mviringo, zenye furaha, na jina la Mbaruku limefunikwa kwa chokaa. Sikumlaumu. Niliwaza mbuzi wa Tanga.

Jumamosi nikajikokota kwenda. Sijui nilifuata nini, labda kuuaga ukuta. Watu wamejaa, kina mama na watoto na masufuria ya wali. Nikapenya mbele, nikainua macho.

Karibuni Watoto Wetu.

Yote kwa mkono wangu. Yote, wanangu! Nilitafuta mahali nilipoishia, kati ya a na herufi iliyofuata, sikupaona. Mimi mwenyewe sikupaona. Nikakaribia mpaka pua ikawa karibu kugusa rangi. Kisha nikaziona zile t. Zipo tatu katika maneno yale, na zote tatu zilikuwa na kijiti kinachopinda mwishoni, kile kidole changu kinachoita. Sehemu niliyoiandika mimi haikuwa na t hata moja. Kasongo hakuwa na pa kuigilizia pale ukutani. Mtu huyu alikuja na t yangu kichwani mwake.

Mama Neema akanishika bega akawaambia watu, "Huyu ndiye muzee aliandika." Watu wakapiga makofi. Na katikati yao, Papa Kasongo naye akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, uso wake umejaa furaha ya kweli. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Mtu ana mkono unaojulikana mji mzima, ameuweka kando kama mtu avuavyo koti, akavaa wangu uliochakaa, akaufanya kazi, akaurudisha kwa mwenyewe umepigwa pasi.

Nilimvuta pembeni.

"Kasongo, t yangu umeijuaje? Mimi nafanya kazi nyuma ya shuka."

"Shuka njo inafunika weye, muzee. Ukuta haifunike," akasema. "Siku ya Yenga, nikitoka kanisa, ninaendaka Soweto kusoma kuta yako. Mi naisoma na kidole."

Akanichukua mkono mzima, wa kushoto, akaupitisha juu ya t. "Unasikia? Rangi ikikauka, njia ya brashi inabakia. Hapa ulikanyaga. Hapa uliinua. Hapa," na kidole kikafika kwenye ule mpindo, "hapa weye hausukumake. Unavutaka."

Miaka yote ile sikujua kuwa navuta. Nilikuwa nafanya tu.

"Na kwa nini hukuweka ya kwako?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inashuka chini. "Mama alipenda mukono yako. Mi niko na kuta mingi."

Nililia, sifichi. Mzee mzima mbele ya sufuria za wali. Nililia kwa kustaajabu. Niliyemfungia mlango miaka yote alikuwa akija kuniamkia kila Jumapili na mimi sijui.

Mngependa kisa kiishie hapo, lakini plasta ilipokatwa, mkono uliotoka ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Umekakamaa, unatetemeka. Nikashika brashi nikajaribu t, ikatoka kama tawi lililovunjika. Nikajaribu tena na tena. Mkono umesahau, na kichwa hakikuwa na la kuukumbusha, kwa maana sikuwahi kumweleza mtu yeyote ninavyofanya, hata mimi mwenyewe sikuwahi kujieleza. Niliyekuwa nayaficha yale mambo kumbe nilikuwa nimejifichia hata mimi mwenyewe.

Ulimwenguni kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua t yangu. Nikaenda uani kwake.

Kasongo hakushangaa. Alileta bati kuukuu, akalipaka rangi nyeusi, akaliegemeza ukutani, na jioni baada ya jioni, kabla jua halijazama, akanifundisha kuandika kama Mbaruku. "Hapana, muzee, Mbaruku anaanziaka juu kidogo." "Hapa Mbaruku anapumua." Alinitaja kana kwamba ni mtu mwingine aliyemheshimu sana, na mimi nikawa mwanafunzi wa mtu huyo. Nikikosea tunafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, tunaanza tena. Alinifundisha pia kuegemeza kifundo kwenye fimbo yenye mpira wa kitambaa kichwani ili mtetemeko usifike kwenye brashi. Fimbo hiyo nawashauri nyote, hata wenye mikono mizima.

Na zilikuwepo jioni ambazo sikuwa na moyo. Nafika nakaa, namwambia leo hapana. Alinipa ncha ya uzi wa chaki, akasema, "Shika paka kamba." Nashika. Anavuta upande wake, anapiga, pa! Mstari wa buluu juu ya bati jeusi. Nikishautazama ule mstari mtupu, mikono inaanza kuwasha. Wanangu, swali lenu nimelijibu hapo. Mimi moyo sikuwahi kuukuta umekaa unaningoja. Nilishika kamba, mwenzangu akaivuta upande wa pili, na moyo ukaja baadaye ukiwa umechelewa. Kwa hiyo siku ukiwa huna hamu, usijilazimishe kuchora. Osha brashi, piga msasa ubao, piga mstari mmoja. Na kama una mtu wa kushika upande wa pili, mwite.

Lile shuka nililichana mwenyewe. Tulipata vitambaa vya kufutia brashi vya kutosha mwaka mzima, na kilichobaki nikamshonea Kasongo mfuko wa makopo. Tangu hapo nilichora hadharani kama yeye, naongea ovyo na wapita njia, na kuku wangu wakawa kuku, sababu kuna mtu alinisahihisha kila mara.

Nikastaafu 2019. Kasongo alikuwa ameshahamia Durban na familia yake. Agosti ile, natoka kununua mkate karibu na uwanja wa Ellis Park, nikamwona mwanamke juu ya ngazi anaandika saluni yake mwenyewe. Ameshaandika Bukavu, na sasa yuko kwenye neno Beauty. Akavuta kijiti cha t.

Nikasimama. Kiliinama mwishoni, kidole kinachoita. Ila chake kilipinda zaidi kidogo, kikanyanyuka juu, kikawa chepesi. Kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Dada," nikamwita, "hiyo t umeitoa wapi?"

"Papa Kasongo alinifundishaka, mbele ahamie Durban."

"Na yeye aliitoa wapi?"

"Anasema ni ya muzee moya Mtanzania. Hata mimi simujue." Akachovya brashi. "Anasema ule muzee alikuwa anavutaka, hasukumake. Basi na mie ninavutaka."

Nilifungua mdomo nimwambie. Jina langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini upepo wa Agosti ukavuma, ngazi ikatikisika, na yeye akashika ukuta kwa mkono mmoja, brashi imeinuliwa juu isiharibu kazi. Chini hapakuwa na mtu.

Nikaweka mkate wangu juu ya ukingo wa barabara, nikaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Asante, muzee," akasema bila kutazama chini. "Unajuaka hii kazi?"

"Kidogo," nikamjibu. "Endelea tu, mwanangu. Nimeishika."